Mlango wa Nechells

Sijawahi kumwamini mtu anayenionea huruma kabla sijalalamika. Kwa hiyo jioni ile jumuiya yetu ya kanisa ilipokutana sebuleni kwangu, Perry Barr, Birmingham, na mwenyekiti wetu akaanza kwa kusema anayafikiria sana magoti yangu, nilimtazama viatu kwanza. Vilikuwa viatu vyepesi vya mjini. Mtu anayejiandaa kukanyaga matope siku kumi haji mkutanoni na viatu vile. Nikasema moyoni, huyu ana lake.

"Mama, tumeangalia weather," akasema. Ni muuguzi, Mkenya mwenzangu, mtu wa maneno ya taratibu hata anapokuletea habari mbaya. "Hiyo dhoruba inaingia Ijumaa ya wiki ijayo, na sisi tunaondoka Jumamosi yake. Njia ya mfereji itafurika. Mimi naona tupande treni mpaka Tamworth, tuanzie huko. Mungu si askari wa trafiki, hatasimama Birmingham kuangalia nani amekanyaga wapi."

Wengine wakacheka, wakachukua mandazi. Tulikuwa watano tuliokusudia kutembea kwa miguu kutoka Birmingham mpaka Walsingham, kule mashariki karibu na bahari, ambako Wakatoliki wa nchi hii huenda kuhiji kwa Bikira Maria. Kwa watu wa umri wetu ni mwendo wa siku kumi hivi, tukilala kwenye kumbi za parokia na kwa watu wema. Wawili kati yetu walisema waliwahi kutembea hadi Namugongo, Uganda, ujanani mwao. Mmoja nilimwamini.

Kuahirisha hakukuwezekana. Mimi ni mlezi katika nyumba ya wazee, na likizo ya siku kumi na nne mfululizo niliipata kwa kuomba tangu mwaka uliotangulia. Swali lilikuwa moja tu: tuanzie wapi? Waingereza huzipa dhoruba zao majina ya watu, kama watoto wa ubatizo, na tangu hii ilipopewa jina kila mtu alikuwa akiizungumzia kama mgeni anayejulikana tabia zake.

"Nyinyi pandeni treni," nikasema. "Mimi naanzia Nechells."

Jikoni kijiko kikaanguka. Binti yangu akatokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mama, Nechells haifai," akasema. "Mvua itakuwa kubwa. Anzia Tamworth na wenzako, tafadhali."

Kila mtu akaona ni jambo jema, mtoto kumjali mama yake. Mimi nywele zilinisimama. Binti yangu alizaliwa Birmingham. Kiswahili anakisikia chote, hata mafumbo, lakini tangu aanze shule ananijibu kwa Kiingereza. Nikimwambia leta chumvi, ananiambia here you are. Akinisemesha Kiswahili cha kunyooka namna ile, tena na tafadhali juu yake, huwa ameharibu kitu au anataka kitu. Mara ya mwisho ilikuwa siku aliyoikwangua gari yangu ubavu mzima.

Lazima nieleze habari ya Nechells. Ni mtaa mwingine wa Birmingham. Tuliishi huko miaka mingi, mimi, yeye na baba yake, katika jengo la kaunsili, yaani halmashauri ya jiji, la ghorofa chache, lenye veranda ndefu ya wazi mbele ya milango na maghala nyuma yake. Binti alipokuwa na miaka kumi na tisa alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Watu wa ambulensi walimtoa kwa machela, na kwa kuwa ukumbi wetu ulikuwa mwembamba iliwabidi kumwinamisha ili apite mlangoni. Alikuwa hanijui tena. Mimi nilibaki nimeushika mwimo wa mlango, miguu imekataa kwenda, nikasema kwa sauti, baba yake akinisikia: "Mama wa Mungu, huyu akirudi kupitia mlango huu kwa miguu yake, na mimi nitatoka kupitia mlango huu kwa miguu yangu mpaka kwako."

Alirudi. Alikuja akishika ukuta, amekonda shingo, lakini kwa miguu yake. Na mimi sikwenda. Kwanza kulikuwa na kazi, halafu ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia, halafu tukahama. Ahadi ni deni, na hili lilinikaa kifuani. Kila binti yangu alipopata mafua tu, mimi nilikuwa nikisema, ndiyo hiyo, nimeanza kukumbushwa. Sikutaka kwenda kulipa nusu. Kama ningeanzia Tamworth na nadhiri ikakataliwa, atakayelipa tofauti ni nani? Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, si mvua.

Baba yake naye nimweleze. Ni mtu wa Voi, mimi ni wa milimani Taita, na hata hapo kuna mzaha ambao hatukuumaliza. Nyumba mpya zilipojengwa Perry Barr baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, mimi nilitaka kuhamia huko na yeye alitaka kurudi nyumbani kabisa. Hatukuachana kanisani wala mahakamani. Tulichoka tu, mimi nikahama na binti, yeye akabaki Nechells akijiandaa. Kisha mwaka juzi akaagwa.

Nasema akaagwa, na Mkenya yeyote wa ng'ambo ananielewa. Ulikodiwa ukumbi Newtown. Mbuzi walichinjwa na mtu aliyekwenda kuwatafuta shambani huko nje ya mji. Alivishwa suti, akakatishwa keki yenye umbo la ndege, kwaya ikamwimbia, mwenyekiti wetu huyu huyu akashika maikrofoni akalia mbele ya watu kwamba mwenzetu amekuwa shujaa, ametutangulia kurudi. Watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana siku ile. Mimi nilikaa meza ya nyuma nikala vizuri. Alisema nyumba ya Nechells ameirudisha kwa kaunsili, akapanda ndege, akaenda zake. Tangu hapo tulimsikia kwa sauti alizokuwa akimtumia binti kwenye simu kila Jumapili, akituambia jua la Voi linavyowaka.

Basi baada ya mkutano ule nilianza kumchunguza binti yangu. Sikumuuliza kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kunyamaza nakujua kuliko kusema.

La kwanza lilikuwa vyombo. Mama yeyote anajua hesabu ya vyombo vyake vya plastiki, na vyangu vilikuwa vinapungua, hasa vile vikubwa vya kubebea mboga. Nikawaza, kuna kijana. Sikukasirika, ana umri wa kuwa na kijana. Nilikasirika kwamba anamlisha kwa vyombo vyangu bila kumleta nimwone. Halafu siku moja nikapika matumbo, kwa bizari na nyanya nyingi. Binti yangu hali matumbo, hata harufu yake humkimbiza jikoni. Asubuhi nusu ya sufuria ilikuwa imeondoka. Nikakaa kitini nikafikiri. Kijana gani wa siku hizi, wa Birmingham, anakula matumbo?

La pili lilitoka kwa jirani yangu, mama wa Kizanzibari anayekaa mlango wa pili, Mwislamu, mtu ninayemwamini kiasi ninachomwamini mtu. Nilimweleza habari ya mvua na Tamworth tukiwa chini ya mwavuli wake, tukisubiri basi.

"Aa, dada'ngu, hapana," akasema. "Nadhiri si nguo ukaipunguza mikono. Ukishaitamka imekufunga. Umesema mlango huo, basi ni huo huo." Akanitazama. "Tena umesema utatoka. Mtu hutoka ndani. Ukisimama nje ukaanza kwenda, hujatoka, umepita tu."

Nikamwona ana haki, na nikaona shida yangu imeongezeka. Nilikuwa nimepanga kuugusa mlango tu niende zangu. Sasa ilibidi nibishe kwa watu nisiowajua, niwaombe waniingize ndani ili nitoke. Nilipomwambia binti yangu kwamba nitakwenda mapema kuonana na hao wapangaji wapya, aliruka.

"No, no, I'll go, Mum. Mimi nitaenda. Wewe pumzika."

Akaenda, akarudi upesi mno. Akaniambia ni watu wakali, hawafungui mlango, wana mbwa mkubwa. Katika jengo lile mbwa hawaruhusiwi. Jirani yetu mmoja wa zamani alilazimishwa kuondoa hata kijibwa chake kilichokuwa kikilala kitandani. Nikasema, sawa mwanangu, asante kwa kunisaidia. Njia ya mwongo ni fupi, ila nilitaka niione inapoishia.

Iliishia Jumapili. Alikuwa bafuni, simu yake mezani, na sauti ya baba yake ikaingia. Huwa tunasikiliza pamoja, kwa hiyo niliibonyeza. Alikuwa anasema joto limezidi, mbuzi wanalala kivulini tangu asubuhi. Nyuma ya maneno yake nikasikia sauti nyingine, ya mwanamke wa mashine, inarudia rudia kwa Kiingereza cha upole kwamba gari hili linarudi nyuma, jihadharini. Niliisikiliza mara tatu.

"Ni lori, Mum," binti alisema aliponikuta nayo. "Voi is full of lorries. It's on the Mombasa road."

Ni kweli Voi imejaa malori. Lakini mimi nimekulia karibu na malori ya Voi. Lori la Voi likirudi nyuma, utingo hulipiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti, twende, twende, kata kushoto, simama! Hakuna mwanamke wa mashine anayekuomba radhi. Mwanamke yule nilimjua. Alituamsha kila alfajiri miaka yote tuliyoishi karibu na yale maghala ya Nechells.

 Niliosha sufuria. Niliisugua mpaka ikang'aa. Niliwaza mengi kwa mara moja, na karibu yote yalikuwa mabaya: kwamba hakwenda kabisa, kwamba alikwenda akarudi na mke kijana, kwamba Nechells nzima inajua na wananicheka, kwamba mwenyekiti naye anajua, ndiyo maana anaipenda Tamworth. Usiku nilimpigia mwenyekiti nikamwambia kwamba mimi naanzia pale pale, wao wanaotaka treni waende. Nilitaka nisikie sauti yake.

"Sawa, Mama," akasema, amechoka. "Basi tutaanza wote Nechells. Hatuwezi kukuacha peke yako kwa hiyo mvua. Lakini kwa nini huko?"

Alikuwa anauliza kweli. Huyo nikamfuta kwenye orodha yangu.

Jumamosi nilipoamka, binti yangu hayupo. Kitanda kimetandikwa, na yeye si mtu wa kutandika. Nje mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu, mapipa ya taka yameangushwa na yanatembea barabarani yenyewe. Nilivaa koti la mvua, nikabeba mkoba, nikapanda basi la kwenda mjini, kwa sababu safari ilikuwa bado haijaanza na hakuna aliyenikataza basi. Mti ulikuwa umeanguka mbele. Dereva akatushusha Newtown, akasema kila mtu ajitegemee. Kwa hiyo nikatembea kutoka Newtown mpaka Nechells, mwavuli umegeuka ndani nje kabla sijavuka barabara kuu, maji yameingia mpaka soksi, na uchungu ulionipata ni kwamba kutembea kote kule hakukuwa kwenye nadhiri. Nilikuwa nalowa bure.

Wenzangu walikuwa wameshafika, wamejibanza kwenye kibanda cha basi ng'ambo ya uwanja wa lile jengo. Niliwapungia mkono wakae huko huko, nikapanda ngazi peke yangu mpaka ghorofa ya pili, nikaifuata ile veranda hadi mlango wa mwisho. Ulikuwa umepakwa rangi mpya, lakini mkwaruzo tuliouacha na kabati ulionekana chini ya rangi.

Nilibisha. Kimya. Nikabonyeza kengele. Kimya, ila kimya cha watu, kile ambacho unasikia mtu akizuia pumzi. Nikainua kijimlango cha barua, na hewa iliyotoka ilinijia na harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akijipaka mume wangu kiunoni tangu aanze kazi ya ghalani. Hapo nikajua la kufanya. Kubisha kwa ngumi na kubonyeza kengele ni mambo ya Waingereza, na mtu anaweza kuyanyamazia. Nikaweka mdomo pale kwenye tundu, nikasema kama ninavyosema mlangoni kwa mama yangu:

"Hodi!"

"Karibu!" ikajibu sauti ya mwanamume, nzito, nzuri, bila kufikiri. Ikakatika.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ghala.

"Hakuna mtu," sauti ikasema.

"Nani amenikaribisha?"

Nikainamia lile tundu tena.

"Mtu wa Voi, fungua. Sikuja kwako. Nimekuja kwa mlango."

"Anzia hapo hapo nje, mama. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Mimi sitaelewa. Fungua nitoke!"

Nikasikia hatua nyepesi, kisha sauti ya binti yangu, kwa Kiswahili: "Baba, mfungulie. Haendi popote huyu." Komeo likavutwa. Alikuwa yeye, macho mekundu, amevaa koti langu la zamani. Alikuwa amekuja tangu alfajiri kumsihi baba yake aondoke kabla sijafika, na baba yake hakuwa na pa kwenda kwa mvua ile.

Baba yake aliketi ukingoni mwa kochi, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Alikuwa amezeeka. Juu ya kabati lilikuwepo sanduku lake, bado limezungushwa ile plastiki ya uwanja wa ndege. Vyombo vyangu vilikuwa vimepangwa dirishani, vimeoshwa. Hata hivyo sikumaliza kushuku. Niliomba kwenda msalani nikaangalia miswaki. Ulikuwepo mmoja.

"Nilikaa miezi miwili," akasema niliporudi, bila kuulizwa. "Ile nyumba niliyokuwa najenga, ndugu yangu amehamia. Ana wajukuu mle ndani. Ningewatoa vipi? Nikarudi. Funguo za hapa sikuwa nimezirudisha."

"Ulisema umezirudisha."

"Nilisema."

Nikaona kwamba hata yeye, siku ile anakata keki, hakuwa ameamini kwamba anaondoka kabisa. Ilinishangaza. Siku zote nilidhani katika nyumba yetu mwenye kushuku ni mimi tu.

"Kwa nini hukusema umerudi?"

"Nimwambie nani? Wamenivisha suti, mama. Wamenipa keki ya ndege. Nitoke hapo dukani nikutane nao nimebeba maziwa?" Akafuta uso kwa kiganja. "Natoka kwenda kazi ya usiku, narudi. Mtoto ananiletea chakula. Hivyo tu."

Iliniuma, na nilimwambia imeniuma. Si kwa sababu alidanganya. Iliniuma kwamba mtoto ambaye tulimlilia hapo mlangoni ndiye tuliyemtwika mzigo wa kumficha mmoja kwa mwenzake, akibeba matumbo kwenye mabasi mawili, akinitungia mbwa. Binti yangu alisema, "It's fine, Mum," na haikuwa fine, alikuwa analia.

Simu yangu ikaita. Mwenyekiti. "Mama, tunalowa huku. Tupande tusali pamoja hapo juu?"

Mume wangu aliisikia ile sauti. Alisimama akavuta pazia.

"Hapana," nikamwambia mwenyekiti. "Kaeni hapo. Nashuka."

Tulisali sisi watatu, Salamu Maria moja, kwa haraka. Sasa kuna jambo ambalo kwetu hakuna anayefundishwa, unalikuta tu. Mtu akitoka nyumbani kwa safari nzito, wa nyumbani husimama mlangoni, mlango wazi, mpaka msafiri akate kona. Na msafiri hageuki. Akigeuka, safari imeharibika. Mlango ukifungwa nyuma yake kabla hajafika kona, ni kama amefukuzwa. Mume wangu alilijua hilo kama mimi. Alinitazama, akamtazama binti.

"Mtoto atasimama," akasema.

"I'm going with her," binti akasema. Alishanyanyua mkoba wangu. "Mimi ndiye niliyerudi kwa huu mlango. Leo tu, mpaka jioni."

Ndani akabaki mmoja. Nje, ng'ambo ya uwanja, walikuwepo watu wanne, na kati yao mwenyekiti aliyemlilia kwenye maikrofoni. Yeyote ambaye angesimama kwenye mlango ule wangemwona kuanzia kichwa hadi miguu. Sikumwomba. Sitasema nilimwonea huruma, maana nilikuwa bado nimejaa hasira, na sikuwa na hakika hata chembe kwamba atasimama. Nilimjua. Alikuwa na miezi mingi ya mazoezi ya kufunga mlango ule.

Nilitanguliza mguu wa kulia, nikavuka kizingiti. Binti akanifuata. Tuliipita veranda, tukashuka ngazi, nimetega masikio kusikia komeo, lakini kwa upepo ule usingesikia hata bunduki. Tulipotoka kwenye uwanja mvua ikatupiga usoni. Shingo iliniwasha. Katika maisha yangu sijawahi kutamani kugeuka kama nilivyotamani pale.

Mwenyekiti alitoka kibandani kunipokea, tayari anasema kitu juu ya maji kwenye njia ya mfereji. Akaachia sentensi katikati. Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakapanda, yakasimama. Wengine nao wakatazama alikotazama. Mwanamke mmoja akajishika mdomo. Binti yangu akanikamata mkono, akaubana.

"Si huyu ni..." mwenyekiti akaanza.

"Amesimama?" nikauliza.

"Mama, huyu mtu si tulimuaga?"

"Nimekuuliza, amesimama?"

"Amesimama. Yuko na kandambili. Ananyeshewa." Akafuta maji machoni. "Ameushika mlango."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimengojea mmoja wao acheke, nilikuwa na maneno tayari. Mwenyekiti alivua kofia yake mvuani, akainua mkono juu sana, kama unavyompungia mtu aliye mbali, akauacha huko. Kisha tukaanza kwenda kuelekea mfereji, mimi mbele, macho yangu kwenye lami, na yeye kando yangu akitembea kinyumenyume, anajikwaa, anakanyaga madimbwi, ili asiache kutazama. Kila hatua chache nilimuuliza, na kila mara alinijibu bado. Tulipofika konani nikamuuliza tena, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.